Kanisa la Mwenge la Thogoto na Majengo Yaliyolitangulia

Church of the Torch, yaani Kanisa la Mwenge, limesimama Thogoto, jirani na mji wa Kikuyu, umbali wa kilomita ishirini hivi magharibi mwa Nairobi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1928, na jengo likakamilika mwaka 1933. Wapresbiteri wa Kenya, na wale wachache walioko Uganda na Tanzania, hulihesabu kuwa chimbuko la kanisa lao katika sehemu hii ya Afrika. Karibu nalo kuna kanisa dogo na la zamani zaidi, Watson-Scott Memorial, pamoja na hospitali, shule na makaburi ya wamisionari. Hata jina la mahali lina historia hiyo ndani yake, kwa kuwa Thogoto ni matamshi ya Kikuyu ya jina la Waskoti walioweka makao hapo.

Lakini historia ya kanisa hili haikuanzia Thogoto. Ilianzia Kibwezi, katika nchi ya Wakamba, kando ya njia ya misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara. Mwaka 1891 wafanyabiashara wa Uskoti waliokuwa na hisa katika Kampuni ya Imperial British East Africa walichanga fedha kuanzisha misheni. Kinara wao alikuwa Sir William Mackinnon, mwenyekiti wa kampuni hiyo, akiwa pamoja na Alexander Low Bruce, mkwe wa mpelelezi David Livingstone. Walimwomba Dk. James Stewart, aliyejulikana kwa kazi yake katika chuo cha Lovedale huko Afrika Kusini, awaongoze wamisionari wa kwanza. Msafara uliondoka pwani mwaka huohuo na kuweka kambi Kibwezi.

Misheni hiyo iliitwa East African Scottish Industrial Mission, na jina hilo linaeleza nia yake. Waanzilishi waliamini kwamba Injili ingeenda sambamba na kazi za mikono: useremala, uashi, kilimo cha bustani na matibabu. Kahawa ilipandwa Kibwezi miaka hiyohiyo ya 1890, kabla ya walowezi kuanza kuilima kwenye nyanda za juu. Ikumbukwe kwamba misheni hii haikutumwa na kanisa lolote. Ilikuwa mradi wa watu binafsi, na wengi wao walikuwa walewale waliotaka faida kutokana na biashara ya Afrika Mashariki. Jambo hilo liliipa misheni fedha mapema, na pia liliitia katika hatari ya kuzikosa mara moja. Hivyo ndivyo ilivyotokea: Mackinnon na Bruce wote wawili walifariki mwaka 1893.

Kibwezi penyewe palikuwa pabaya kwa afya. Malaria iliua wamisionari mmoja baada ya mwingine, na waliobaki walikuwa wagonjwa kila mara. Mwaka 1894 daktari wa misheni, David Charters, alitoka kwenda porini akiwa na mgeni wake, na wote wawili hawakuonekana tena. Kufikia katikati ya muongo huo, kazi yote ilikuwa juu ya mabega ya mmisionari Thomas Watson. Mwaka 1898 aliihamishia nyanda za juu, katika nchi ya Wakikuyu karibu na Dagoretti, ambako baridi ya asubuhi iliwafukuza mbu.

Reli ya Uganda ilikuwa inajengwa wakati huohuo. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Kwa misheni iliyokuwa imezoea kubebesha kila kitu wapagazi, reli ilibadilisha hesabu za ujenzi, kwa sababu saruji, mabati, vioo na vifaa vya seremala vingeweza kuletwa hadi karibu na mlango. Watu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, wanaijua reli hiyo kwa mwisho wake wa magharibi, uliofika kwao mwaka 1956 kuchukua shaba ya migodi ya Kilembe. Thogoto iliitumia reli hiyohiyo zaidi ya nusu karne kabla, ilipokuwa haijavuka hata Bonde la Ufa.

Watson alifika kwa Wakikuyu wakati wa dhiki kuu. Ukame, nzige, ugonjwa wa mifugo na ndui vilifuatana kati ya mwaka 1898 na 1900, na watu wengi walikufa. Kituo cha misheni kiligeuka mahali pa kugawa chakula na kutunza wagonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1899 mchumba wake, Minnie Cumming, aliwasili Mombasa na wakafunga ndoa. Mwaka mmoja baadaye Watson alifariki kwa homa ya mapafu. Mjane wake angeweza kurudi kwao Dundee, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki Thogoto hadi mwaka 1931, akifundisha shuleni na kuwalea wasichana walioletwa misheni. Alipofariki Uskoti mwaka 1949, majivu yake yalirudishwa Thogoto yakazikwa huko. Katika simulizi za kanisa hili wanaume wanaoitwa waanzilishi ni wengi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekaa hapo muda mrefu kama yeye.

Baada ya kifo cha Watson, misheni ilichukuliwa rasmi na Kanisa la Uskoti, ambalo lilimtuma David Clement Scott mwaka 1901. Scott alikuwa tayari na jina kubwa. Huko Blantyre, katika nchi ambayo leo ni Malawi, aliandika kamusi ya Kimang'anja na kusimamia ujenzi wa kanisa la St Michael and All Angels, lililokamilika mwaka 1891, kwa matofali yaliyochomwa papo hapo na mafundi wenyeji, bila msanifu majengo aliyesomea. Kikuyu alikuja na ndoto nyingine: shamba kubwa la misheni, lenye ekari zipatazo 3,000, ambalo mapato yake yangeendesha shule, hospitali na kanisa. Ndoto hiyo ilishindwa. Shamba lilikula fedha badala ya kuzileta, na Scott akafariki mwaka 1907. Ardhi ile ilibaki mikononi mwa misheni, na kwa majirani wa Kikuyu waliokuwa wakipoteza mashamba kwa walowezi, ukubwa wake ulikuwa vigumu kusahau. Mzozo uliokuja miaka ishirini baadaye ulikuwa na mizizi mingi, na ardhi ilikuwa mmojawapo.

Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka huohuo wa 1907, yaani miaka 16 tangu msafara wa Kibwezi. Idadi ilikuwa ndogo mno, lakini ndiyo iliyolifanya kanisa kuwa kanisa. Kabla ya hapo kilichokuwepo ni kituo cha wageni chenye wafanyakazi na wanafunzi. Kanisa dogo la Watson-Scott Memorial, lenye majina ya Thomas Watson na Clement Scott, ni la kizazi hicho cha kwanza cha waumini, na lilitosha kwa hesabu yao.

Uongozi ulipita kwa Dk. Henry Scott, daktari aliyetoka Blantyre, na alipofariki mwaka 1911 ukashikwa na Dk. John Arthur, kijana wa Glasgow aliyewasili siku ya kwanza ya mwaka 1907. Arthur aliongoza Thogoto hadi mwaka 1937. Alikuwa daktari wa upasuaji, kisha akawekewa mikono kuwa mchungaji. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1908. Vituo vingine vikaanzishwa kandokando ya Mlima Kenya: Tumutumu kwanza, kisha Chogoria mwaka 1922. Thogoto yenyewe ilikuwa na karakana ambamo vijana walijifunza useremala na uashi. Mmoja wao alifika mwaka 1909, akajifunza useremala, na akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone Kamau. Ndiye Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 1920 baraza la wazee wa kanisa lilimwadhibu kwa kuoa kwa desturi za kwao badala ya kufuata taratibu za kanisa. Wazee hao walikuwa na mamlaka ya kweli, na walianza kuyatumia mapema.

Tukio lililolifanya jina la Kikuyu lijulikane hadi London lilitokea Juni 1913. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki ya Kiingereza walikutana Thogoto kujadili namna ya kuunganisha kazi zao. Mwenyekiti alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Kianglikana wa Uganda, na miongoni mwa waliohudhuria walikuwemo Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), Wapresbiteri wa Uskoti, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Walitaka kupunguza mashindano. Mkikuyu aliyebatizwa na Waskoti, akihamia Kavirondo au Uganda kutafuta kazi, asikataliwe mlangoni mwa kanisa la huko kana kwamba ni mgeni katika imani. Mkutano ulipofikia mwisho, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, akitumia kitabu cha sala cha Kianglikana, na mahubiri yakatolewa na mchungaji wa Kanisa la Uskoti. Wajumbe wasio Waanglikana walishiriki.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika. Kwake yeye, na kwa misheni ya Universities' Mission to Central Africa (UMCA) aliyotoka, kanisa lisilo na maaskofu halikuwa na haki ya kuhesabiwa sawa na Kanisa la Anglikana, na maaskofu waliowapa Ushirika Mtakatifu watu wa namna hiyo walikuwa wamekana mafundisho. Aliwashtaki Willis na Peel kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Magazeti ya Uingereza yaliandika habari za Kikuyu kwa miezi mingi. Maaskofu waliitishwa mwaka 1914, na jibu la Davidson likatoka mwaka 1915, Ulaya ikiwa vitani. Hakuwahukumu wale maaskofu wawili, wala hakuufungua mlango ambao wajumbe wa Kikuyu walitarajia ufunguliwe.

Weston hakuwa mtu mdogo. Alipinga kazi ya kulazimishwa kwa Waafrika kwa ujasiri uliowazidi wamisionari wengi wa wakati wake, na Zanzibar ilimheshimu. Lakini katika suala la Kikuyu alitazama mpangilio wa vyeo vya kanisa, huku wenzake waliokutana Thogoto wakimtazama muumini aliye safarini. Waliokutana Thogoto ndio waliokuwa karibu zaidi na hali halisi. Umoja kamili haukupatikana. Kilichopatikana, mwaka 1918, ni Muungano wa misheni nne, yaani CMS, Kanisa la Uskoti, Wamethodisti na Africa Inland Mission, ambao matunda yake yanaonekana hadi leo. Alliance High School ilifunguliwa Machi 1926 kwenye ardhi ya misheni ya Waskoti, na jina lake limetokana na muungano huo.

Desturi ya misheni kugawana maeneo ndiyo inayoeleza pia kwa nini Wapresbiteri ni wachache katika nchi ya Uganda. CMS ilifika Buganda mwaka 1877, na Waprotestanti wengine wakaiachia. Hata Mskoti mashuhuri kuliko wote aliyefanya kazi huko, Alexander Mackay, mtoto wa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, alitumwa na CMS na alihudumu ndani ya Uanglikana hadi kifo chake mwaka 1890. Injili ya Kiprotestanti ikapita Toro na kufika chini ya Rwenzori kwa mkondo huohuo, na ndiyo maana Waprotestanti wa Kisinga na Bwera, wilayani Kasese, wengi wao ni Waanglikana, chini ya Dayosisi ya South Rwenzori iliyoundwa mwaka 1984. Hospitali ya Kagando iliyoko Kisinga nayo ina uhusiano na meza ya mwaka 1913: ilianzishwa katika miaka ya 1960 na Africa Inland Mission, ikaja kuwa mali ya dayosisi ya Kianglikana. Ushirikiano uliojadiliwa Thogoto ulipata namna ya kutendeka katika wodi za wagonjwa hata pale uliposhindikana altareni.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua vijana wa Thogoto pia. Serikali ilikuwa inawakamata wanaume kwa nguvu kubebea majeshi mizigo, na vifo katika kikosi cha wapagazi vilikuwa vya kutisha. Mwaka 1917 Arthur aliunda kikosi cha watu wa misheni, zaidi ya elfu moja, wakaenda naye Tanganyika chini ya uangalizi wa wamisionari wenyewe. Waliorudi walikuwa wameona mengi. Walikuwa wanajua kusoma, walikuwa wamewatazama wazungu wakiuana, na hawakuwa tayari kuongozwa kama watoto. Katika miaka ya 1920 kanisa liliweka wazee wa Kiafrika, na mwaka 1926 wachungaji wa kwanza wa Kiafrika wakawekewa mikono, mmoja wao akiwa Musa Gitau, ambaye jina lake limebaki kwenye shule ya Thogoto.

Katika hali hiyo ya ukuaji ndipo wazo la kanisa kubwa lilipokomaa. Watson-Scott Memorial halikutosha tena. Mwaka 1928 jiwe la msingi la kanisa jipya likawekwa: jengo la mawe ya kuchongwa, la kudumu, lenye nafasi kwa umati uliokuwa ukiongezeka kila Jumapili. Ukubwa wake ulipangwa na watu waliokuwa na hakika kwamba kesho yao itakuwa kubwa kuliko leo.

Mwaka uliofuata umati ule ulitawanyika. Kwa muda mrefu Arthur na wenzake walikuwa wakifundisha dhidi ya tohara ya wasichana, na katika hospitali walikuwa wameona madhara yake kwa wanawake wakati wa kujifungua. Mwaka 1929 walilifanya fundisho hilo kuwa sharti. Muumini alitakiwa kutia sahihi au alama ya kidole kukana desturi hiyo, na pia kujitenga na chama cha kisiasa cha Kikuyu Central Association. Kuunganisha mambo hayo mawili lilikuwa kosa kubwa. Suala la mwili wa msichana, ambalo kanisa lilikuwa na hoja nzito juu yake, likachanganywa na suala la siasa na ardhi, na Wakikuyu wengi wakaona wanatakiwa kuchagua kati ya kanisa na taifa lao. Wengi walichagua kuondoka. Ndani ya majuma machache Thogoto na vituo jirani vilipoteza sehemu kubwa sana ya waumini na wanafunzi. Ngoma iitwayo Muthirigu, yenye maneno makali dhidi ya wamisionari na machifu, ilienea kijiji hadi kijiji mpaka serikali ikaipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Arthur mwenyewe alijiuzulu ujumbe wake katika Baraza la Utendaji la koloni.

Walioondoka hawakuacha elimu wala Ukristo. Walianzisha shule huru, zikaungana katika chama cha KISA na kile cha Karing'a, na kutoka humo kikazaliwa chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939. Yalizuka pia makanisa huru yaliyojiendesha bila mmisionari. Waliobaki nao hawakuwa vibaraka, kama walivyoitwa wakati ule. Miongoni mwao walikuwemo wanawake waliokuwa na hoja yao wenyewe. Huko Tumutumu waliunda kundi la Ngo ya Tuiritu, Ngao ya Wasichana, na mwaka 1931 wakapeleka ombi katika baraza la wenyeji la Nyeri, wakidai wasikilizwe katika jambo lililohusu miili yao na ambalo wanaume wa pande zote mbili walikuwa wakilijadili bila wao. Historia nyingi za mgogoro huu huwataja kwa mstari mmoja, ilhali wao ndio waliokuwa na la kusema kuliko wote.

Ujenzi wa Church of the Torch uliendelea katikati ya hayo yote. Mawe yaliendelea kupangwa huku watu wakiwa wachache, dunia nzima ikiwa katika mdororo wa uchumi na bei za mazao zikiwa zimeanguka. Jengo lililobuniwa kabla ya dhoruba lilikamilika baada yake, mwaka 1933, likiwa kama nyumba iliyojengewa familia kubwa ambayo nusu yake imehama. Wengine walirudi polepole katika miaka iliyofuata, na wengine hawakurudi kamwe. Jina la Mwenge lilikuwa na uzito wa pekee kwa watu waliotoka katika miaka minne ya namna hiyo.

Arthur aliondoka mwaka 1937. Mwaka 1943 waumini Waafrika wa misheni za Kiskoti waliungana rasmi kwa jina la Presbyterian Church of East Africa, PCEA. Wazungu waliendelea kuwa na usharika wao Nairobi, St Andrew's, ulioanza mwaka 1908. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, kanisa lilikuwa katika nafasi ngumu kuliko wakati wowote tangu mwaka 1929. Waumini waliokataa kula kiapo cha Mau Mau walitishwa, na baadhi wakauawa. Waliokataa kuunga mkono ukatili wa serikali nao walitiliwa shaka. Januari 1955 mchungaji wa St Andrew's, David Steel, alihubiri kwenye redio akiishutumu serikali kwa namna ilivyoendesha vita, jambo lililowaudhi sana walowezi waliojaza viti vya kanisa lake mwenyewe.

Mwaka 1956 usharika wa wazungu na kanisa la Waafrika viliunganishwa katika PCEA moja yenye Baraza Kuu moja. Hilo lilifanyika miaka saba kabla ya uhuru wa Kenya, na mwaka 1961 Mchungaji Charles Muhoro Kareri akawa moderata wa kwanza Mwafrika. Mwaka 1964 John Gatu akawa katibu mkuu wa kwanza Mwafrika. Ni yeye ambaye mwaka 1971, akiwa Milwaukee nchini Marekani, aliyataka makanisa ya Magharibi yasitishe kupeleka wamisionari na fedha Afrika kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wito huo uliwashangaza wengi, hata ndani ya PCEA. Nyumbani kanisa lilichukua kaulimbiu ya Jitegemea, na katika miaka iliyofuata makanisa mengi ya Kipresbiteri yalijengwa kwa harambee za waumini wenyewe.

Thogoto ya leo imezungukwa na mji uliokua kutoka Nairobi. Hospitali ya PCEA Kikuyu inajulikana Afrika Mashariki nzima kwa kitengo chake cha macho, na hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani. Chuo cha ualimu, Chuo Kikuu cha Presbyterian, Alliance High School na Alliance Girls, iliyofunguliwa mwaka 1948, vyote viko katika mzunguko unaoweza kutembelewa kwa miguu siku moja. Church of the Torch bado ni usharika unaoabudu kila Jumapili, wala halikugeuzwa makumbusho, na Watson-Scott Memorial limehifadhiwa kando yake.